Injini ya Concorde haikumeza hewa ya Mach 2

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nirekebishe jambo moja lililochapishwa juma lililopita katika makala kuhusu juhudi za kurudisha angani ndege za abiria zinazoipita sauti. Makala yenyewe niliifurahia, na mwandishi wake namshukuru kwa kulileta somo kama hili kwa Kiswahili pasipo kuliogopa. Alipofika kwenye Concorde, ile ndege ya abiria ya Uingereza na Ufaransa iliyoipita sauti, hata hivyo, alieleza kwamba injini zake nne zilikuwa na nguvu kwa sababu zilimeza hewa ikija kwa kasi mara mbili ya sauti, na mchoro uliowekwa chini ya maneno hayo ulionyesha mishale ya hewa ikiingia mbele, ikipita katikati ya injini na kutokea nyuma, yote ikiwa na urefu mmoja. Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na mchoro wa namna hiyo nimeusahihisha kwa wino mwekundu mara nyingi, kiasi kwamba mkono ulianza kutafuta kalamu kabla sijamaliza kusoma.

Injini ya Concorde haikuonja hewa ya Mach 2, yaani ya kasi mara mbili ya sauti, hata siku moja. Ndege hiyo ilipokuwa ikisafiri kwa kasi hiyo, katika anga lenye baridi ya nyuzi 57 hivi chini ya sufuri, hewa iliyoikabili ilikuwa ikija kwa takriban mita 590 kwa sekunde, ukiitazama kama abiria aliyeketi ndani ya ndege. Lakini ilipoufikia uso wa kompresa, yaani mapanga yanayozunguka na kuibana hewa, ya injini ya Olympus 593, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Rolls-Royce ya Uingereza na Snecma ya Ufaransa, ilikuwa imekwisha kupunguzwa mwendo hadi karibu Mach 0.5, yaani mita 190 hivi kwa sekunde. Upunguzaji huo wote ulifanyika katika mita chache zilizo kati ya ncha ya mdomo wa hewa na injini, kwa muda unaokaribia sehemu moja ya mia ya sekunde. Na mdomo huo, ambao makala yenu iliutaja mara moja tu na kuuita tundu, ndio ninaotaka kuutetea leo.

Kwanza niseme kwa nini injini hukataa hewa ya kasi hiyo. Kila panga la kompresa ni bawa dogo, na kama ilivyo kwa bawa lolote, kazi yake huharibika hewa inapolijia kwa kasi au kwa pembe isiyolifaa. Panga hilo halijatulia: linazunguka kwa kasi kubwa, na ncha yake peke yake huwa inakaribia au hata kuipita kasi ya sauti kabla hatujahesabu mwendo wa hewa inayoingia. Ukiongeza juu yake hewa inayokuja kwa Mach 2, kila panga litajitengenezea mawimbi yake ya mshtuko, hewa itaachana na mgongo wa panga, shinikizo litavurugika, na hewa iliyokwisha kubanwa huko nyuma itarudi mbele kwa kishindo. Kiswahili kina neno linalolifaa tukio hilo kuliko istilahi yoyote niliyowahi kuiona kitabuni: injini hupaliwa. Kwa hiyo kila injini ya jeti yenye kompresa, iwe ya ndege ya vita au ya abiria, hudai hewa iliyo kati ya Mach 0.4 na 0.6 hivi. Hata ndege za abiria za Dreamliner zinazoondoka Nairobi kwenda New York, ambazo haziifikii kasi ya sauti kabisa, zina midomo iliyopanuliwa kidogo kwa ndani ili hewa ipungue mwendo kabla ya kufika kwenye feni.

Kupunguza mwendo wa hewa iliyo chini ya kasi ya sauti ni kazi nyepesi. Unaipitisha katika njia inayopanuka taratibu, nayo hutulia, kama mto unaotoka kwenye bonde jembamba na kuingia uwandani. Hewa inayoipita sauti hufuata kanuni kinyume. Hiyo hupungua mwendo ukiibana, na huzidi kukimbia ukiipanulia njia, jambo ambalo wanafunzi wangu walilikataa kila mwaka kwa sauti moja, kwa sababu kila mmoja wao amewahi kubana mpira wa maji kwa kidole na kuona maji yakiruka mbali zaidi. Sababu ya kinyume hicho ni habari. Hewa hupashana habari kwa njia ya sauti: msukosuko mdogo unaotokea mbele hurudi nyuma kama sauti na kuiambia hewa inayokuja ijipange. Hewa inayokwenda kasi kuliko sauti haiwezi kuambiwa lolote, kwa kuwa ujumbe huachwa nyuma. Hufika ukutani bila onyo, na pale ambapo ingejipisha hurundikana, ikagandamana ghafla katika utando mwembamba kuliko karatasi, ambao ndio tunaouita wimbi la mshtuko. Ikivuka utando huo huwa na mwendo mdogo, shinikizo kubwa na joto jingi kuliko ilivyokuwa kabla.

Msomaji asiye na maabara anaweza kuliona jambo hili jikoni kwake. Ageuze sinia la bati kifudifudi chini ya bomba na kufungulia maji kiasi, yadondoke katikati kwa mfululizo bila kurusharusha. Ataona maji yakitambaa kutoka katikati kama utando mwembamba unaong'aa kama kioo, kisha, kwa umbali wa vidole vitatu au vinne hivi, yakisimama ghafla na kuinuka kuwa duara lenye ukingo mnene. Ndani ya duara maji yanakwenda kasi kuliko viwimbi vinavyoweza kusafiri juu yake, na nje ya duara yanakwenda polepole kuliko viwimbi hivyo. Ukingo wenyewe ni ndugu wa wimbi la mshtuko. Sasa achukue kisu na kugusisha ncha yake ndani ya duara: vitatokea viwimbi viwili vinavyokwenda nyuma vikiwa na umbo la herufi V, na hakuna hata kimoja kitakachopanda kuelekea bomba. Akiligusa eneo la nje, viwimbi vitatawanyika pande zote, hata kurudi kwenye ukingo. Nilikuwa nikilifanya jaribio hili kwenye sinki la maabara kila muhula wa pili, na mwaka mmoja msichana wa kidato cha tatu, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema darasani, aliweka visu viwili badala ya kimoja, akaonyesha jinsi ukingo mnene ulivyosogea na kulainika mahali maji yalipokuwa yamekwisha kupunguzwa kasi na visu. Alikuwa amegundua kwa mkono wake jambo ambalo mwanafizikia Klaus Oswatitsch alilieleza kwa hesabu nchini Ujerumani mwaka 1944.

Jambo lenyewe ni hili. Njia rahisi kabisa ya kuishusha hewa chini ya kasi ya sauti ni kuliacha wimbi moja lililosimama wima mbele ya mdomo lifanye kazi yote kwa pigo moja. Kwa Mach 2 wimbi la namna hiyo huishusha hewa hadi Mach 0.58 papo hapo, kiasi ambacho injini ingeridhika nacho. Tatizo ni gharama. Pigo hilo hugeuza sehemu ya nguvu iliyo katika mwendo wa hewa kuwa joto lisilofaa kitu, na kwa Mach 2 karibu asilimia 28 ya shinikizo ambalo lingeweza kuvunwa hupotea hapo. Kwa Mach 3 hupotea theluthi mbili. Oswatitsch alionyesha kwamba ukiigawa kazi hiyo, hewa ikapita kwanza katika mawimbi kadhaa dhaifu yaliyolala mshazari, kila moja likiipunguza kidogo, na wimbi la mwisho la wima likaikuta ikiwa imebakiwa na ziada ndogo tu juu ya kasi ya sauti, hasara hupungua sana. Wimbi la wima kwenye Mach 1.4, kwa mfano, hupoteza asilimia 4 tu. Anayeshuka ghorofani kwa ngazi na anayeruka dirishani wote hufika chini, lakini hawafiki katika hali moja.

Miaka michache iliyopita nilimtembelea binti yangu Uingereza, akanipeleka kwenye uwanja wa ndege wa Manchester ambako Concorde mojawapo imehifadhiwa ndani ya jengo, na mgeni anaruhusiwa kupita chini ya mabawa yake. Wenzangu wote walikuwa wakipiga picha za pua. Mimi nilisimama chini ya bawa nikainua kichwa kutazama mdomo wa hewa, na kwa kweli nilishangaa kuona jinsi kitu hicho kisivyofanana na mdomo wa injini za ndege za kawaida. Hakina duara wala ukingo mnene uliovimba. Ni kisanduku chenye pembe nne, ukingo wake wa chini ukiwa mkali kama patasi, na viwili viwili vimepangwa ubavu kwa ubavu, ukuta mmoja ukivitenganisha. Ndani, kwenye dari, linaning'inia bamba pana la chuma lililofungwa kwa bawaba, na nyuma yake kuna bamba la pili, na kati ya mabamba hayo mawili pameachwa pengo. Mtu asiyejua angesema pengo hilo ni kasoro ya fundi.

Mabamba hayo ndiyo visu vya yule msichana wangu. Ndege ilipokuwa ikiruka kutoka uwanjani yalikuwa yamepandishwa juu kabisa, na tena kijimlango kilicho kwenye sakafu ya kisanduku kilifunguka kwa ndani ili injini, ambayo wakati huo ina njaa ya hewa, ipate ya ziada. Ndege ilipofika Mach 1.3 hivi bamba la mbele lilianza kushushwa kwa nguvu ya haidroliki, na kadiri kasi ilivyoongezeka ndivyo lilivyozidi kuinama, mawimbi ya mshazari yakatoka kwenye ukingo na mgongo wake na kuelekea kwenye ule ukingo mkali wa chini wa kisanduku. Hewa ilibanwa, ikapungua kasi, ikapita kwenye koo, yaani mahali pembamba kuliko pote, ikavuka wimbi la mwisho, kisha ikaingia katika njia inayopanuka na kutulia hadi Mach 0.5. Lile pengo kati ya mabamba lilikuwa na kazi ya kufyonza hewa legevu inayotambaa juu ya bamba. Hewa hiyo huwa imechoshwa na msuguano, na ikikutana na wimbi la mshtuko hushindwa kusonga mbele, ikavimba na kuuharibu mkondo wote. Iliyofyonzwa haikutupwa bure, kwa kuwa ilipitishwa kando ya injini kuipoza. Na rubani alipopunguza nguvu ya injini, hewa isiyohitajika tena ilimwagwa nje kupitia mlango wa chini.

Faida ya ufundi huo inaelezeka kwa mfano wa nyumbani. Katika mita 15,000 na zaidi ambako Concorde ilisafiria, shinikizo la hewa ni karibu sehemu moja ya kumi ya lile la pwani, na binadamu hawezi kuishi humo. Mdomo wa hewa peke yake, bila kuchoma tone la mafuta wala kuzungusha panga hata moja, uliizidisha hewa hiyo shinikizo zaidi ya mara 7, ikakaribiana na hewa tunayoivuta hapa Nanyuki, mji ulio mita 1,950 hivi juu ya usawa wa bahari. Tofauti ni joto, kwa kuwa hewa hiyo iliingia kwenye injini ikiwa na nyuzi karibu 120, wakati sisi hapa maji ya chai huchemka kabla ya kufika nyuzi 95. Kompresa nayo ikaizidisha tena takriban mara 12, hivi kwamba ilipoingia mahali pa kuchomea mafuta ilikuwa imebanwa zaidi ya mara 80. Injini ya ardhini ya wakati ule isingeota kufika hapo.

Wapo watakaouliza kama asilimia 20 hivi za shinikizo zilizookolewa zisipotee kwa pigo moja zilistahili mabamba, bawaba na mabomba yote hayo. Nawajibu kwa hesabu ya mizigo. Concorde ilikuwa na uzito wa tani 185 hivi wakati wa kuruka ikiwa imejaa, na kati ya hizo karibu tani 95 zilikuwa mafuta. Abiria 100 na mizigo yao hawakuzidi tani 10 au 12. Kwa hiyo ndege ambayo ingetumia mafuta zaidi kwa asilimia 10 tu ingelazimika kuwaacha karibu abiria wote London, au kutua baharini kabla ya kuiona New York. Katika ndege ya kawaida hasara ndogo katika mdomo wa hewa hupunguza faida ya kampuni. Katika Concorde ingeifuta safari yenyewe.

Ugumu mwingine, ambao makala haikuugusa kabisa, ni kwamba mawimbi haya hayakai mahali pamoja. Ndege ikiingia ghafla katika hewa yenye joto tofauti, hata kama kasi yake haijabadilika, Mach yake hubadilika, pembe za mawimbi hubadilika, na bamba lililokuwa mahali pake sekunde iliyopita sasa limepotoka. Hakuna rubani anayeweza kuifuata kazi hiyo kwa mkono. Ndege za majaribio zilidhibitiwa kwa mitambo ya umeme ya analojia, ambayo haikuwa na usahihi wa kutosha, na ndege zilizouzwa zikapewa kompyuta za kidijitali zilizoundwa na BAC, kampuni ya ndege ya Uingereza, huko Filton karibu na Bristol. Ndege ya abiria yenye kompyuta ya kidijitali inayosogeza mabamba ndani ya njia ya hewa, katika miaka ya mwanzo ya 1970, ilikuwa jambo la kipekee, na kwangu mimi ni ajabu kubwa kuliko ile pua iliyoinama ambayo kila mtoto anaijua.

Mambo yalipokwenda kombo, yalikwenda kombo kwa kishindo. Mnamo Januari 1971 ndege ya kwanza ya majaribio, ile ya 001, ilikuwa karibu na Mach 2 wakati injini moja ilipopaliwa. Hewa iliyobanwa ilirudi mbele kwa nguvu iliyong'oa bamba la ndani ya mdomo na kulitupa nje kwa mbele, likienda kinyume cha upepo wa kasi mara mbili ya sauti. Ndege ilitua salama. Naomba msomaji alifikirie tukio hilo mara mbili, kwa sababu linaeleza vizuri kuliko hesabu zangu zote jinsi nguvu iliyofungiwa ndani ya kile kisanduku ilivyokuwa kubwa.

Ndege ya upelelezi ya Marekani, SR-71, iliyokwenda zaidi ya Mach 3, ilikuwa na adhabu kali zaidi. Yenyewe ilitumia koni iliyochongoka iliyochomoza katikati ya mdomo wa duara, na koni hiyo ilirudi nyuma kiasi cha sentimita 66 kadiri kasi ilivyopanda. Sehemu ya mawimbi yake ilikuwa ndani kabisa ya mdomo, kupita koo, mahali penye faida kubwa lakini pasipo na uvumilivu. Shinikizo la nyuma likizidi kidogo, wimbi la mwisho hutemwa nje, mdomo wa upande mmoja hugeuka kizuizi huku wa upande wa pili ukiendelea kusukuma, na ndege huyumba kwa ghafla kiasi cha kukibamiza kichwa cha rubani kwenye kioo. Tarehe 25 Januari 1966 hali hiyo ilimkuta rubani wa majaribio Bill Weaver akiwa kwenye kona, kwa Mach 3.18. Ndege ilisambaratika angani. Weaver alijikuta nje ya ndege bila kuvuta kitu chochote cha kujiokoa, akaokolewa na parashuti, lakini mwenzake Jim Zwayer alifariki.

Sasa niwageukie wale wanaouheshimu mdomo wa hewa kupita kiasi, kwa kuwa nao wapo, na najua mmoja wao ataniandikia. Kuna takwimu inayonukuliwa mara nyingi kwamba Concorde ikiwa katika Mach 2, mdomo wa hewa ulitoa asilimia 63 ya msukumo, nozeli ya nyuma, yaani bomba la kutolea hewa ya moto, asilimia 29, na injini yenyewe asilimia 8 tu. Takwimu hizo zinaeleza mahali ambapo msukumo unashika mwili wa ndege, na watu wakizisoma haraka hudhani zinaeleza nguvu inatoka wapi. Msukumo, mwishowe, ni shinikizo linalosukuma kuta. Ndani ya mdomo wa hewa, baada ya koo, njia inapanuka, na kuta zake za mteremko zinaikabili hewa ya nyuma yenye shinikizo kubwa, kwa hiyo zinasukumwa mbele, na vifungo vinavyoushikilia mdomo huo kwenye bawa ndivyo vinavyoivuta ndege. Lakini shinikizo hilo lipo kwa sababu injini inaendelea kuivuta hewa, kuipasha moto na kuitoa kwa nyuma. Injini ikizimika, hewa hukosa pa kwenda, na ule mdomo uliokuwa ukivuta ndege hugeuka kuwa breki. Ndiyo maana Concorde ilipopoteza injini angani, mabamba yalishushwa na mlango wa chini ukafunguliwa ili hewa imwagwe. Mwenye kusema kwamba injini ilifanya asilimia 8 ya kazi amekosea sawasawa na mwandishi wenu, ila kwa upande wa pili.

Nimalizie na ndege zilizo karibu nasi, kwa kuwa makala ilitaja jaribio la tarehe 28 Januari 2025, pale ndege ndogo ya XB-1 ya kampuni ya Boom ilipoipita sauti juu ya jangwa la Mojave huko California, ikifika Mach 1.122. Mwandishi hakutaja kwamba injini zake tatu ni za aina ya J85, ukoo uleule wa injini mbili zilizomo katika kila ndege ya vita ya F-5 ya Jeshi la Anga la Kenya, ambazo sisi wakazi wa Nanyuki tumezizoea kwa miaka mingi zikitoka kambi ya Laikipia, na ambazo watu wa Nairobi huziona zikipita juu ya uwanja siku za sherehe za taifa. F-5 ni ndege ya Mach 1.6 kwa upeo wake, na kwa kasi hiyo wimbi moja la wima halina gharama ya kutisha: kwa Mach 1.5 hupoteza asilimia 7 tu. Kwa hiyo midomo yake haina bamba linalosogea. Lakini mtu akibahatika kuiona ikiwa chini, atazame mahali mdomo unapokaribia ubavu wa ndege. Ataona kwamba haugusani nao. Pameachwa upenyo mwembamba, na kazi yake ni ileile ya pengo la Concorde: kuizuia hewa legevu iliyotambaa kwenye mwili wa ndege isiingie kwenye injini. Ndege za vita za Su-30 za Uganda, zilizokusudiwa kasi kubwa zaidi, zina mabamba yanayosogea, na juu ya hayo zina wavu unaoinuka ndani ya mdomo wakati wa kuruka na kutua ili mawe yasifike kwenye mapanga.

Kuhusu neno tundu, mimi ningeliacha. Tunalo neno mdomo kwa pale hewa inapoingia na neno koo kwa pale inapobanwa, na injini inapozidiwa tunajua imepaliwa. Mwanafunzi anayeyasikia maneno hayo matatu kwa mpangilio huo amekwisha kuelewa nusu ya somo kabla mwalimu hajashika chaki.

Ikiwa mchoro ule utachapishwa tena, naomba mishale irekebishwe hivi: mirefu nje ya ndege, ikianza kufupika kwenye ukingo wa bamba la kwanza, iwe mifupi kuliko yote mbele ya kompresa, theluthi moja hivi ya urefu wa ile ya nje, kisha irefuke tena kwenye nozeli hadi ipite ile ya mwanzo. Tofauti kati ya mshale wa kwanza na wa mwisho ndiyo iliyokuwa ikiivusha ndege Atlantiki.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Nanyuki